Jiwe Namba Kumi na Moja

Prof alikuwa na sheria moja yenye wanafunzi wake walikuwa wanaichukia kuliko mtihani. Ukifika kwa boma ya mtu, huulizi swali. Unashika kazi yenye umepata hapo. Wakiwa wanapalilia, unapalilia. Mama akiwa anamenya viazi, unakaa chini unamenya. Ikipita kama saa moja hivi, mwenye boma akikuzoea, hapo ndio unaweza kutoa daftari yako na kuuliza mambo ya zamani. Ukitoa mapema, Prof anaichukua, anaitia kwa mkoba wake, na siku yako imeisha hivyo.

Mimi niliipenda hiyo sheria sana kwa sababu haikuwa inanihusu. Nilikuwa nakaa kwa pikipiki yangu naangalia watoto wa chuo kikuu wakimenya kiazi mpaka inabaki saizi ya yai ya kwale. Kuna kijana mmoja alimenya karai nzima, mama mwenye nyumba akaangalia ndani akasema, "Asante, mwanangu. Sasa nenda ulete zingine za kupika."

Tulijuana na Prof kwa matope. Nilikuwa boda kwa steji ya Mau Narok. Shule niliachia darasa la nane, na hatukukosana, tuliachana kwa amani. Sasa siku moja basi yao ikakuja na mvua ya huku, yenye haiulizi mtu, ikazama mpaka magurudumu ikapotea. Akashuka mama mmoja wa miwani, gambuti kwa miguu, jembe kwa mkono. Nilijua huyu si mgeni wa kawaida, maanake mgeni wa kawaida hushuka na simu akitafuta network.

Nikamwambia, "Mathe, hapa basi haitoki leo. Hata tinga ya kulima huomba kwanza ndio ipite."

"Na wewe unapitanga aje?"

"Napita na imani na gia ya kwanza."

Akacheka kidogo, akaendelea kuchimba. Nikaona aibu nikaenda kuita mwenye tinga. Tukingoja, akaniuliza nani anakaa wapi, nani mzee kuliko wote, nani alikuwa wa kwanza kupanda pareto, na mimi mdomo yangu haijawahi kuwa na breki. Basi ikitoka kwa matope alikuwa ameshajua kijiji yote na chifu hajajua hata amefika.

"Mwezi ujao tunarudi," akasema. "Nataka mtu wa kutupeleka kwa watu. Na usiniite mathe."

"Nikuite nani?"

"Prof."

"Sawa, Prof mathe."

Hivyo ndio nilipata kazi. Alikuwa anafundisha jiografia, na mimi kwa akili yangu jiografia ilikuwa ni mito na miji mikuu ya nchi zenye sitawahi kuenda. Nikamuuliza sasa yeye na viazi za watu ni wapi na wapi. Akaniambia anatafuta urithi, yaani vitu zenye watu wameishi nazo na ramani haina. Njia ya zamani ya ng'ombe. Mti wa kukutania. Mahali mvua hunuswa kabla ifike. Nikamwambia kama ni hivyo, amefika, hapa ramani haina kitu, hata nyumba yetu haiko.

Tulizunguka sana. Gilgil tulienda kwa mama mmoja wa kulalisha maziwa kwa kibuyu, wanafunzi wakaoshwa na moshi asubuhi yote wakisugua vibuyu na makaa. Kuna mmoja alikohoa mpaka huyo mama akamhurumia, akasema, "Huyu akioa, bibi yake atakunywa tu maziwa ya duka." Nakuru tulikaa na mzee mmoja kwa nyumba za zamani za reli, babake alikuja kutoka magharibi kuendesha gari ya moshi, na kazi yenye tulipewa hapo ilikuwa kuhamisha kabati. Tulihamisha. Halafu akaamua pale mwanzo ilikuwa poa zaidi, tukairudisha. Ndio akaanza kuongea, na akaongea vizuri sana.

Sasa jiwe.

Kule kwetu, ukipita mto, mwisho wa shamba kubwa la ngano, kuna jiwe nyeusi imelala kama meza. Juu yake kuna mistari imechimbika, mirefu, myembamba, imepangana kama ya daftari. Moja tu ndio imeinama upande, haifuati zingine. Hiyo jiwe naijua tangu nikiwa mdogo. Nimekula minji mbichi ya kuiba shambani juu yake mara mingi kuliko nimekula chapati.

Siku tulipita hapo Prof alikuwa amebaki nyuma na kundi ingine. Mimi nilikuwa na wanafunzi kama sita hivi. Kati yao kulikuwa na msichana mmoja wa kofia ya sufu nyekundu, mnyamavu, gambuti zake kubwa mpaka akitembea zinapiga makofi. Huyo alikuwa haandiki ovyo. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwa mstari mmoja, akaniuliza, "Hizi zilitengenezwa na nini?"

Wote wakaniangalia.

Nilikuwa sijui. Kusema ukweli, ilikuwa haijawahi nipitia kwa akili kuuliza. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimejibu kila kitu. Mti gani, mto gani, boma ya nani. Watu wamesoma mpaka macho imechoka, na wananingoja mimi, wa darasa la nane, niwaambie. Hiyo ni raha yenye sikuwa nimewahi kuonja. Mdomo ikafunguka yenyewe.

"Hapa ndio wapiganaji walikuwa wananolea mikuki," nikasema.

Kalamu zote zikashuka kwa karatasi. Nikaona nimeanza vizuri.

"Kila mtu na mstari yake. Ananoa mara saba. Mkuki yenye inatoa cheche ya kwanza, mwenyewe ndio anatangulia mbele."

"Na huu umeinama?" akauliza msichana wa kofia.

"Huyo alikuwa mkubwa wao. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Adui walikuwa wanashindwa kujua mkuki inatokea wapi."

Wacha nikuambie, hata mimi nilitaka kusikia yenye inafuata.

Prof alipofika, tulikuwa tushaondoka hapo. Na hakuna mtu alikuwa amepalilia na mimi saa moja ndio aniulize. Walinichukua tu vile nilikuwa.

Nilifikiri imeishia hapo. Lakini huyo msichana akachagua hiyo jiwe ndio iwe projekti yake ya mwisho, ile ya kumaliza masomo. Akawa ananipigia simu.

"Walikuwa wananoa asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi. Jioni jiwe huwa na umande."

"Umande si huwa asubuhi?"

"Ya huku ni mbaya, inashika pande zote."

Akaandika. Nilikuwa nasikia kalamu. Siku ingine akaniambia amekuja peke yake akapima ule mstari umeinama, akachora, na ukichora vile mtu wa kushoto angesimama, inaingiana kabisa. Alikuwa amefurahi. Nikamwambia si nilimwambia. Nikiweka simu nikajiuliza inawezaje kuingiana na kitu nimetunga nikiwa nimesimama, lakini kuna mteja alikuwa ananipungia mkono, nikaenda.

Mambo ya shule nilikuwa nafikiri ni karatasi. Unaandika, inatiwa alama, halafu siku moja unaipata imefunga nyama kwa bucha. Sikujua Prof ana desturi ingine. Kitu chochote wamechukua kwa watu, lazima warudishe. Mwaka ukizunguka anakuja na ramani kubwa, anaibandika ukutani, anaita wenyewe wote, na kila mwanafunzi anasimama kusoma kile ameandika. Watu wakisema ndio, Prof anaizungushia kalamu ya bluu, inakaa. Watu wakikataa, Prof anachora msalaba na kalamu nyekundu mbele ya kila mtu, na huyo mwanafunzi hapiti nayo. Anaanza upya.

Wiki moja kabla ya hiyo siku, Prof akanitumia fotokopi ya ramani niende nionyeshe watu na niwaite. Nikaisoma nikiwa kwa steji. Namba moja, chemchemi. Namba mbili, soko ya zamani. Nikaendelea kushuka. Namba kumi na moja: Jiwe la Wapiganaji.

Nikapigia msichana nimwambie, akashika na furaha, akaongea kabla nianze. Akaniambia akipita hii ndio amemaliza. Mamake ameshaambia kanisa yote, ameshona hata nguo ya kuvaa siku ya kuhitimu. "Ni hiyo jiwe yako imenisaidia," akasema. "Kama si wewe ningekuwa bado natafuta kitu ya kuandika."

Nikamwambia karibu sana. Nikakata.

Ningekuwa mtu mzuri ningerudia kupiga. Mimi nikaamua kutengeneza shahidi.

Karibu na posho mill kuna mzee mmoja anafuga kondoo. Alikuwa mfanyakazi kwa shamba ya setla, mzungu wa zamani, akiwa kijana, na kwa kijiji yote hakuna mtu anaweza kumpinga mambo ya zamani kwa sababu wenye wangempinga wamekufa. Nikajua huyo akisema ndio, ni ndio. Nikambebea gunia yake ya mahindi mpaka ndani, nikamsagia, nikamrudishia unga mlangoni.

Akaniangalia. "Unataka nini?"

"Hakuna, mzee. Ni kukusaidia tu."

"Wewe hujawahi kunisaidia hata kufungua gate."

Nikakaa kwa kigoda. "Mzee, kuna kitu kidogo. Alhamisi kutakuwa na mkutano ya Prof hapo kanisani. Kuna chakula. Sasa kutasomwa mambo ya ile jiwe iko ng'ambo ya mto. Wakiuliza kama ni ya wapiganaji, wewe unatingisha kichwa tu."

"Jiwe gani?"

"Ile ya mistari."

Akafunga macho, nikafikiri amelala. Halafu akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu.

"Hiyo ni ya kunolea panga," akasema.

"Panga ya nini?"

"Ya kazi. Unafikiri tulikuwa tunakata vichaka na meno? Nyapara alikuwa anasimama pale kwa daraja asubuhi. Unamwonyesha panga, anapitisha kidole gumba hivi. Ikiwa butu anakurudisha, na hiyo siku haiandikwi, hulipwi. Basi tulikuwa tunapitia kwa jiwe kwanza, kukiwa na baridi ya kukata masikio. Kila mtu na mahali pake. Ukiweka panga kwa mstari ya mwenzako mnagombana."

"Na ile imeinama?"

"Hiyo ilikuwa ya mama mmoja wa kukata miti ya miwati. Alikuwa wa kushoto. Hakuna mtu mwingine angeweza kuitumia." Akapangusa macho. "Alikuwa na panga kali kuliko sisi wote, huyo mama. Nyapara alikuwa anaogopa kuweka kidole."

Nikakaa hapo na kigoda yangu. Nikamuuliza mbona hajawahi kuambia mtu.

"Nani aliuliza? Na niambie mtu nini? Hiyo ilikuwa kazi."

"Sasa Alhamisi utanisaidia ama?"

"Nitakuja kula. Kudanganya sitaki. Nimebaki na meno mbili, wacha nizitumie kwa nyama."

Kutoka hapo nilikuwa nimeharibikiwa mara mbili. Kwanza nilikuwa na uongo. Sasa nilikuwa na uongo na ukweli, na ukweli ilikuwa tamu kuliko. Kitu ilinisumbua ni hii: babu yangu naye alifanya kazi kwa hiyo shamba ya setla. Nilipoulizwa mistari ni ya nani, nilirukia mikuki. Haikunijia hata kidogo kwamba watu wetu wenye walikuja hapa na blanketi moja na sufuria wanaweza kuwa wameandika kitu kwa jiwe.

Alhamisi nikafika kanisani mapema nimwambie msichana kabla aanze. Nilimpata amepanda benchi anabandika ramani, kofia yake nyekundu, pini nne kwa mdomo.

"Kuna kitu nataka kukuambia," nikasema.

"Mm?"

"Kuhusu jiwe."

"Mm-mm." Akanionyesha na kidole: nishike kona ya chini. Nikashika. Alipotoa pini ya mwisho kwa mdomo watu walikuwa wameanza kuingia, na Prof alikuwa anamwita aje asalimie wazee. Akaniambia, "Baadaye, sawa?" Akaenda, makofi ya gambuti nyuma yake.

Kanisa ikajaa. Namba moja ikapita. Namba tano watu wakabishana kidogo juu ya mti, ikapita. Namba nane ikakataliwa, ilikuwa ya kijana mmoja aliandika kisima upande usiofaa wa barabara, Prof akachora msalaba bila hata kupandisha sauti. Huyo kijana akakaa chini kama mtu amepigwa na stima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kwa mlango, jasho inatoka na hapo kwetu hata Januari unavaa sweta.

Namba kumi na moja, msichana akasimama. Akasoma vizuri. Kumbe aliandika vizuri kuliko vile nilimdanganya. Wapiganaji, asubuhi, umande, mara saba, cheche. Akaonyesha ule mchoro wa mtu wa kushoto. Watoto kwa dirisha walikuwa wamepandana mabega ndio wasikie.

Alipomaliza, mwanaume mmoja wa koti ya kijivu, mbele kabisa, akainuka pole pole. Ni mtu wa heshima, mkulima, haongeangi ovyo.

"Nimesikia," akasema. "Nauliza tu. Hao wapiganaji walikuwa wa nani?"

Mtu wa nje angefikiri hiyo ni swali ya kawaida. Lakini sisi wa huku tunakaa watu wa lugha nyingi kwa kilima moja, na kila mtu anajua ni nani alisema nani alifika kwanza, na hiyo maneno imetuletea nini. Jiwe ikishakuwa ya wapiganaji wa watu fulani, kesho kuna mtu atasema na shamba pia ni yao. Nikaona watu wakigeuza shingo kuangaliana, kila mmoja na jirani yake. Prof akavua miwani. Msichana alikuwa anapekua karatasi, anatafuta jibu kwa maneno yangu, na kwa maneno yangu hakukuwa na jibu.

Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kama mtoto wa shule, kidole moja juu.

"Mimi nakataa hiyo," nikasema.

Prof akaniangalia. "Unakataa nini?"

"Namba kumi na moja. Yote. Hakukuwa na wapiganaji. Yule aliwaambia hivyo alikuwa anadanganya."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi."

Mtu mmoja akacheka, halafu benchi yote ya akina mama ikacheka, halafu kanisa. Hata yule wa koti ya kijivu alikaa chini akitingisha kichwa, na mabega ya watu ikashuka. Mama yangu alikuwa kwa hiyo benchi, na yeye hakucheka. Aliniangalia vile alikuwa ananiangalia nikirudi na ripoti ya shule.

"Na ukweli ni gani?" Prof akauliza.

"Ukweli iko na huyo mzee hapo, mwenye ako na sahani."

Mzee akaweka sahani chini, akapangusa vidole, akaeleza. Hakuongeza hata neno moja juu ya yale aliniambia. Alipofika kwa yule mama wa kushoto, kuna wazee wawili watatu walisema "Ehe" kwa pamoja, wakamkumbuka, na mama mmoja akasema huyo alikuwa shangazi yake.

Prof akachora msalaba kwa namba kumi na moja. Ilibidi.

Nikatoka nje. Nilimpata msichana ameketi kwa ukingo wa tangi ya maji, kofia ameivua.

"Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Kuwa ni uongo? Tangu mwanzo. Hii ingine tangu juzi."

"Nilikupigia simu mara ngapi?"

"Mingi."

"Na kila mara ukaniongezea."

"Ulikuwa unauliza vizuri," nikasema. Ilikuwa mzaha na haikuwa mzaha. Hakucheka.

"Mamangu ashashona nguo," akasema.

Nikasema pole. Ikatoka ndogo hata mimi nikaiona ni ndogo. Prof akaja nyuma yetu na chai yake. Nilingoja nifukuzwe. Hakuniuliza sababu, nafikiri alikuwa anaijua. Akaambia msichana, "Mchoro yako ya mtu wa kushoto ni sahihi. Ulipima vizuri. Uliambiwa vibaya." Halafu akanigeukia. "Yeye anarudi kuanza upya. Wewe ndio utamzungusha, kila siku yenye atakuwa hapa. Na hutaongea."

"Hata kidogo?"

"Salamu utatoa."

Msichana alirudi baada ya wiki mbili, akakaa kwa mama mmoja hapo kijijini karibu mwezi. Asubuhi nilikuwa namchukua na pikipiki nampeleka kwa mzee, anakata majani ya kondoo na panga, mzee anamwambia anashika kama kijiko. Siku za kwanza alikuwa haniongeleshi, anapanda tu, anashuka, anasema asante. Siku ya tisa ama ya kumi alinisukuma begani akaniambia nipunguze mwendo kwa kona. Nilipunguza. Nilifurahi hiyo siku kama mtu amepewa kazi ya serikali.

Hakuhitimu na wenzake. Niseme tu wazi, kwa sababu huwa natamani kupita hapo haraka. Karatasi yake iliingia ikiwa imechelewa, akangoja kundi ya mwaka uliofuata, na ile nguo ya mamake ilikaa kwa sanduku mpaka hapo. Alipita, na Prof aliniambia alipita vizuri. Hiyo haifuti ile ingine.

Lakini siku yenye nakumbukanga ni ile alisoma mara ya pili. Haikuwa kanisani. Mzee alikataa kutembea, akasema kama ni mambo ya jiwe watu waende kwa jiwe. Tukaenda. Nilibeba wazee mmoja mmoja mpaka mto, safari kama kumi. Akina mama wakakuja na panga zao wenyewe, zingine zimeliwa na kunolewa mpaka zimebaki nyembamba kama mundu.

Msichana akasoma, amesimama kwa nyasi, upepo ikimpokonya karatasi. Alipofika kwa nyapara, mzee mmoja akamsimamisha.

"Hakuwa mrefu."

"Alikuwa mrefu," akasema mzee wa kondoo.

"Wewe ulikuwa mfupi."

"Andika alikuwa wa kadiri," akasema mama mmoja, na ikaandikwa hivyo. Wakagombana pia juu ya mistari, gani ilikuwa ya nani. Huyu anaweka panga yake hapa, mwenzake anaitoa. Msichana alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena, magoti yote matope. Prof alikuwa ameketi kwa nyasi na hakuwa anasaidia mtu. Ule mstari umeinama hakuna aliyeugombania. Wote waliupitia tu, wakauacha wazi.

Mwishowe yule mwanaume wa koti ya kijivu, alikuwa amekuja pia, akasema yeye hana swali. Wengine wakasema ndio. Prof akatoa kalamu ya bluu.

Mimi nilikuwa nimekaa kando kwa gunia, mdomo nimefunga tangu asubuhi, nimetoa salamu tu vile niliambiwa. Mzee wa kondoo akaniona. Akapiga jiwe na ubapa wa panga, ndio nimwangalie.

"Na babu yako?" akaniuliza. "Babu yako alikuwa anatumia gani? Mimi nimesahau."

Msichana akageuka, kalamu mkononi, akaningoja.

Nikaangalia mistari yote, mmoja mmoja. Kulikuwa na miwili mitatu haikuwa imepata mwenyewe, na kila mmoja ungetosha vizuri.

"Acha niende niulize mama," nikasema, nikainuka kutafuta ufunguo wa pikipiki.